Dunia Pepe za Vijana: Kuinuka Kwake, Kuanguka Kwake na Suala la Lugha

1. Utangulizi

Katika Tuala, mji mdogo wa Kajiado ulioko baina ya Ongata Rongai na Kitengela, si ajabu kumsikia kijana akianza usemi kwa Kimaasai, akauendeleza kwa Kiswahili na kuumaliza kwa Sheng. Kijana huyo huyo akiingia kwa simu yake katika mchezo ambamo hujichagulia sura, nywele na mavazi, hukuta maagizo kwa Kiingereza. Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi historia ya dunia pepe za namna hiyo, na kuonyesha kwamba Kiswahili kilikosa nafasi humo tangu mwanzo.

2. Istilahi

Neno avata lina asili ya Kisanskriti, ambamo huhusu kushuka kwa mungu duniani katika umbo jingine. Waliotunga mchezo wa Habitat katika kampuni ya Lucasfilm, Marekani, mwaka 1986, walilitumia kwa maana ya umbo linalomwakilisha mchezaji mbele ya wenziwe. Yafaa ieleweke kwamba "kinyago" hakitoshi kuwa tafsiri yake: kinyago humficha mvaaji, ilhali avata humdhihirisha vile apendavyo kuonekana.

3. Kuinuka

Habbo ilianzishwa Finland mwaka 2000. Mwaka 2005 kampuni ya Linden Lab ilifungua Teen Second Life kwa vijana wa miaka 13 hadi 17, na mwaka huo huo Club Penguin ikaanza Kanada. Disney iliinunua mwaka 2007 kwa dola milioni 350.

Kilichowavuta vijana si kigeni kwetu. Tangu miaka ya 1890, wachezaji wa beni huko Lamu na Mombasa, na baadaye Arinoti na Marini wa Tanganyika, walivaa sare na kujipa vyeo vya kijeshi na vya kifalme vya Kizungu. T. O. Ranger aliieleza historia hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1975. Asiye na neno barazani alipata cheo uwanjani.

4. Kuanguka

Mwaka 2010 ilitangazwa kwamba Teen Second Life ingefungwa. Juni 2012, baada ya televisheni ya Channel 4 ya Uingereza kufichua mazungumzo machafu yaliyowafikia watoto ndani ya Habbo, wenye mchezo huo walinyamazisha mazungumzo yote kwa muda. Club Penguin ilifungwa Machi 2017. Wakati huo vijana walikuwa wamekwisha kuhamia Facebook na mitandao mingine ya simu, ambako mtu hujitokeza kwa jina na sura yake mwenyewe.

Kwa upande wa Kenya, nyaya za intaneti za chini ya bahari zilifika Mombasa mwaka 2009. Hivyo wengi wa vijana wetu walifika karamuni sahani zikiondolewa. Na hata aliyewahi alikuta mlango mwembamba. Katika Club Penguin, neno lisilokuwamo katika orodha ya maneno yaliyoruhusiwa halikuwafikia wachezaji wengine, na Kiswahili hakikuwa miongoni mwa lugha za mchezo huo. Mtoto aliyeandika "habari yako" alikuwa bubu asiyejua kuwa ni bubu.

5. Hitimisho

Beni nayo ilififia. Lakini uwanja ulikuwa wa wachezaji wenyewe, na nyimbo zilikuwa za Kiswahili; ngoma ilipokwisha, maneno yalibaki vinywani mwa watu, na mtafiti aliweza kuyakusanya. Dunia pepe ni mali ya kampuni: siku ifungwapo, nyumba, vyeo na mazungumzo hutoweka pamoja.

Roblox, iliyofunguliwa mwaka 2006, ingali ikichezwa. Hatuna budi basi kuwasikiliza vijana wa Tuala sasa, tuyaandike maneno wanayoyaunda wachezapo, kabla uwanja huo nao haujafungwa. Kamusi itakayongoja mchezo uishe haitakuwa na wa kumwuliza.