Baloo wa Poona na Ndugu Zake

Wasomaji wakaao Mombasa, Unguja au Dar es Salaam wamepata kuwaona Wahindi wakicheza kriketi uwanjani, wamevaa nguo nyeupe, na mchezo ukiendelea tangu asubuhi hata jua kuchwa. Mtu asiyeujua hutazama kitambo, akaondoka asifahamu nani ameshinda. Kwa ajili yake nitaueleza kwa maneno machache. Vijiti vitatu husimamishwa pande mbili za uwanja, na kati ya pande hizo pana yadi 22. Mpigaji husimama mbele ya vijiti na gongo lake la mti. Mtupaji humtupia mpira mgumu ili aviangushe vile vijiti, au amlazimishe kuupiga mpira juu ukadakwa. Mpigaji akiupeleka mpira mbali, yeye na mwenzake hukimbia kubadilishana pande, na kila wakibadilishana huhesabiwa mbio moja. Akishindwa hutoka, akaingia mwingine, mpaka watoke kumi. Ule mpira umefunikwa kwa ngozi. Msomaji aliweke neno hilo akilini, maana tutalirudia.

Mchezo huu Waingereza waliuleta Bara Hindi, na wa kwanza kuupenda miongoni mwa wenyeji walikuwa Waparsi wa Bombay, mji uitwao leo Mumbai. Baadaye wakaja Wahindu, ambao wazee wetu wa pwani waliwaita Mabanyani, kisha Waislamu. Jina la Mhindi lililovuma duniani mbele ya mengine yote katika mchezo huo ni la Ranjitsinhji, mtoto wa ukoo wa kifalme, aliyesoma Cambridge. Mwaka 1896 aliichezea Uingereza juu ya Australia mjini Manchester, akapata mbio 154 bila kutolewa. Mwaka 1907 akawa mtawala wa Nawanagar. Habari zake zimeandikwa mara nyingi, na leo mashindano makuu ya majimbo ya India, yaliyoanza mwaka 1934, yanaitwa kwa jina lake, ijapokuwa hakuichezea India hata siku moja.

Lakini katika miaka ile ile alimokuwa Ranjitsinhji akipigiwa makofi Uingereza, palikuwapo mjini Poona kijana mwingine, aliyefagia uwanja wa kriketi. Huyu ndiye ninayetaka kumsimulia.

Jina lake Palwankar Baloo. Wazee wake walikuwa watu wa Palwan, kijiji cha pwani ya magharibi, na kutoka huko walipata jina la ukoo. Walikuwa Wachamar, yaani watu wa kazi ya ngozi. Katika desturi ya Kihindu ya zamani watu hugawanywa kwa matabaka, nalo tabaka la mtu ni la kuzaliwa. Hawezi kulitoka kwa mali wala kwa elimu. Juu kabisa wamo Mabrahmani, makuhani na wenye elimu. Chini ya matabaka yote, hata nje yake, waliwekwa wale walioitwa wasioguswa, na Wachamar wamo, kwa kuwa hushika ngozi za wanyama waliokufa. Mtu wa tabaka la juu akiguswa nao alijiona ametiwa unajisi, akaoga. Hawakuruhusiwa kuteka maji katika kisima cha wengine wala kuingia hekaluni.

Baba yake alifanya kazi katika jeshi la Waingereza huko Poona, na huko watoto wakajifunza kucheza kwa magongo na mipira iliyotupwa na maofisa. Kazi ya kwanza ya Baloo ilikuwa katika uwanja wa Waparsi, kufagia na kusawazisha ardhi kwa jiwe la mviringo, kwa mshahara wa rupia 3 kwa mwezi. Halafu akahamia klabu ya Wazungu, akapata rupia 4. Rupia hiyo wazee wetu waliijua, maana ilitumika hata Afrika ya Mashariki.

Katika klabu ile kazi yake ilikuwa kuchora mistari, kutandaza nyavu za mazoezi, na pengine kuwatupia maofisa mpira wapate kujizoeza kupiga. Baloo alitumia mkono wa kushoto. Hakutupa kwa kasi. Alitupa polepole, huku akiuzungusha mpira kwa vidole, nao ukigusa chini hugeuka upande asioutazamia mpigaji. Miongoni mwa maofisa alikuwapo mmoja aitwaye Greig, mpigaji hodari kuliko Wazungu wote wa upande ule. Huyu alikuwa akifika uwanjani mapema kabla ya wenzake ili atupiwe na Baloo peke yake. Husimuliwa kwamba kila Baloo alipomtoa, Greig alimpa nusu rupia. Basi mtu wa mshahara wa rupia 4 angeweza kupata mshahara wa mwezi kwa kumtoa bwana mara nane tu! Mimi naona hapakuwa na shule nzuri kuliko hiyo. Hata hivyo, katika miaka yote hiyo, Baloo aliyewatupia Wazungu kwa mamia ya saa hakupewa gongo hata mara moja apige yeye. Kupiga kulihesabiwa kuwa heshima ya mabwana. Kutupa ni jasho la mtumishi.

Sifa zake zikawafikia Wahindu wa Poona, waliotamani sana kuwashinda Wazungu. Hapo pakazuka mabishano. Wengine walisema, Tumchukue, hatuna mtupaji kama yeye. Wengine, na hasa Mabrahmani, walisema, Je, tutacheza na Mchamar? Mwisho tamaa ya ushindi ikazidi nguvu, akachukuliwa. Lakini walimpokea uwanjani tu. Mchezo uliposimama kwa chai, wenzake waliingia katika jumba la wachezaji, wakanywa kwa vikombe vya kauri. Baloo aliletewa chai yake nje, katika kikombe cha udongo ambacho kikishatumika hutupwa, asije mwingine akakigusa. Akitaka kunawa uso, maji aliletewa na mtumishi wa tabaka lake. Chakula alikula mezani peke yake.

Sasa na tulirudie lile neno la ngozi. Mpira aliokuwa akiushika Baloo vidoleni, akiutemea mate na kuufuta, ndio uliodakwa na Mbrahmani kwa mikono miwili, akaurudisha mikononi mwa Baloo, naye akautupa tena, hivyo mchana kutwa. Ngozi ile, iliyofanyiwa kazi na watu kama wazazi wake, haikumtia mtu unajisi madhali Wahindu wanashinda. Unajisi ulianza kwenye kikombe. Sijui kama watu wa Poona waliliwaza jambo hili usiku wakilala. Mimi sijaona jibu lake.

Timu ya Wahindu wa Poona, naye akiwa ndani yake, iliwashinda Wazungu wa Poona. Kisha wakaenda Satara. Wazungu wa huko walikuwa wamesikia habari za mtupaji huyu, wakasawazisha ardhi siku nyingi ili mpira usigeuke. Haikuwafaa, Baloo akatoa watu 7. Waliporudi, Ranade, aliyekuwa jaji na mtu mashuhuri wa kutengeneza desturi za Wahindu, alimsifu mbele ya watu. Tilak naye, Mbrahmani mwenye sauti kubwa katika siasa za siku hizo, alimvika shada la maua.

Mwaka 1896 tauni iliingia Bombay na Poona, watu wakafa kwa maelfu. Katika siku zile za msiba Baloo alihamia Bombay. Huko, baada ya mabishano yale yale, alikubaliwa na klabu kubwa ya Wahindu, akaajiriwa na kampuni ya reli. Ndugu zake nao wakamfuata mchezoni: Shivram, Ganpat na Vithal, wote wapigaji wazuri.

Mwezi wa Februari mwaka 1906 Wahindu walikutana na Wazungu mjini Bombay. Baloo alikuwamo, pamoja na Shivram. Wahindu walipata mbio 242, Wazungu 191. Mara ya pili Wahindu walipata 160. Wazungu wakaingia wakihitaji 212 ili kushinda, nao wakatolewa wote kwa 102. Mji mzima ulifurahi. Magazeti yaliandika hasa juu ya ndugu hao wawili, kwamba Wahindu wasingalishinda kama wangaliwaacha nje, na kwamba katika Bombay wachezaji sasa walikula pamoja nao. Hiyo ilikuwa hatua, ila ilikuwa ya wachezaji tu. Katika visima vya vijijini desturi ilibaki vile vile.

Mwaka 1911 timu ya kwanza ya Bara Hindi nzima ilisafiri kwenda Uingereza, Waparsi, Wahindu na Waislamu pamoja, nahodha wao akiwa Maharaja wa Patiala, kijana wa miaka kama 20. Safari ile haikuwa ya furaha. Katika michezo 14 iliyokuwa mikubwa walishinda 2 tu, wakashindwa 10. Nahodha mwenyewe alionekana uwanjani mara chache, maana alialikwa kwenye karamu nyingi. Baloo alikuwa amepita miaka 35, na umri huo ni mkubwa kwa mchezaji. Basi mzigo ukamwangukia yeye. Katika safari nzima alitoa watu 114, na katika ushindi juu ya Leicestershire peke yake alitoa 11. Waingereza waliojua mchezo walisema angeweza kupata nafasi katika timu yo yote ya kwao.

Aliporudi Bombay, watu wa matabaka ya chini walikusanyika kumlaki. Hotuba ya kumkaribisha ilitungwa na mwanafunzi mmoja wa koleji, naye pia mzaliwa wa wasioguswa. Mwanafunzi huyo ndiye B. R. Ambedkar, ambaye baadaye aliongoza kazi ya kuandika katiba ya India.

Kwa mashindano makubwa ya Bombay kila dini ilikuwa na timu yake: Wazungu, Waparsi, Wahindu, na tangu mwaka 1912 Waislamu. Wakristo wa Kihindi hawakuwa na mahali mpaka mwaka 1937, ilipoongezwa timu ya tano, ya Wengineo. Humo alicheza Vijay Hazare, Mkristo, mtoto wa mwalimu wa shule. Mwaka 1943 Wengineo walishindwa vibaya na Wahindu, lakini katika mbio zao 387 za mara ya pili Hazare peke yake alipata 309. Ndugu yake Vivek alisimama naye karibu mchana mzima akilinda vijiti, na katika mbio 300 walizopata pamoja, zake zilikuwa 21 tu. Huyo Hazare ndiye aliyekuwa nahodha India iliposhinda mchezo wake wa kwanza mkubwa wa kimataifa, mwaka 1952. Mashindano yale ya dini yalikwisha mwaka 1946, na wengi hawakuyalilia.

Turudi kwa Baloo. Mwaka hata mwaka alikuwa nguzo ya Wahindu, na mwaka hata mwaka unahodha ulipewa mwingine. M. D. Pai, Mbrahmani, alipochaguliwa, alisema waziwazi kwamba heshima ile ilimfaa rafiki yake Baloo aliyemtangulia. Maneno mema, lakini wakuu wa klabu hawakuyasikiliza. Kisha mwaka 1920 Pai aliugua. Wakuu wakamwacha Baloo nje kabisa, na unahodha wakampa D. B. Deodhar wa Poona. Deodhar alikuwa mpigaji hodari, simnyimi haki yake, lakini alikuwa mdogo wa Shivram na Vithal katika mchezo. Ndugu hao wawili wakajitoa, wakaandika katika magazeti sababu zao bila kuficha: kwamba wamenyimwa kwa ajili ya tabaka. Jambo hilo lilitikisa Bombay, kwa kuwa siku hizo Gandhi alikuwa akihubiri kwamba kuwatenga wasioguswa ni dhambi ya Wahindu. Pai alipopona, ndugu wale wakarudishwa, Baloo akafanywa makamu wa nahodha, na katika mchezo uliofuata Pai akatoka uwanjani kwa muda, Baloo akawaongoza wenzake. Ndiyo nafasi aliyoipata, naye umri wake umekwisha kupita miaka 40.

Mwaka 1923 Vithal akachaguliwa nahodha. Wahindu waliwashinda Wazungu katika mchezo wa mwisho, na vijana wa matabaka ya juu wakambeba mabegani, mwili wa Mchamar juu ya shingo zao, mbele ya maelfu ya watu. Chini yake Wahindu walishinda tena mwaka 1925 na 1926. India ilipocheza mchezo wake wa kwanza wa kimataifa London, mwaka 1932, nahodha alikuwa C. K. Nayudu, mpigaji mkuu wa timu ile ile ya Wahindu.

Mwezi wa Septemba mwaka huo huo Gandhi alikuwa kifungoni Poona, akifunga chakula kupinga wasioguswa kupewa uchaguzi wao peke yao. Ambedkar aliutaka uchaguzi huo. Baloo alikuwa miongoni mwa waliomwendea Ambedkar na kumsihi wapatane, na tarehe 24 Septemba mapatano yakatiwa sahihi, ya Baloo ikiwamo. Wengi wa watu wake walimlaumu, wakisema amewapa Mabrahmani haki yao bure. Mimi sithubutu kuwahukumu. Wote wawili walikijua kikombe cha udongo.

Mwaka 1937 chama cha Congress kilimsimamisha Baloo katika uchaguzi wa Bombay ashindane na Ambedkar yule yule aliyemtungia hotuba miaka 26 nyuma. Ambedkar alipata kura 13,245, Baloo 11,225. Vithal aliandika maisha yake kwa Kimarathi, kitabu kikatoka mwaka 1948. Baloo mwenyewe alifariki Bombay mwezi wa Julai mwaka 1955. Katika michezo 33 iliyohesabiwa kuwa mikubwa alikuwa ametoa watu 179.