Kiini cha mfadhaiko wa mama baada ya kujifungua

Mtoto azaliwapo, jamaa na majirani humiminika nyumbani wakibeba sabuni, maziwa na nepi, na kila mmoja hutarajia kumkuta mama mwenye bashasha. Huwa vigumu kwao kuelewa wanapomkuta amejiinamia, hataki kula wala kuzungumza, na mtoto akilia hamgusi. Wapo watakaosema ni kiburi. Wengine hudai amerogwa, au kwamba hakumtaka mtoto huyo tangu mwanzo.

Madaktari huiita hali hii mfadhaiko wa baada ya kujifungua. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), takriban asilimia 13 ya wanawake waliojifungua hupatwa na maradhi ya akili, hasa mfadhaiko, na katika mataifa yanayostawi kiwango hicho hukaribia asilimia 20.

Ugonjwa huu ni tofauti na machozi ya siku za mwanzo. Wanawake wengi hulia ovyo na kukasirika upesi siku chache baada ya kuzaa, lakini hali hiyo hutoweka yenyewe kabla ya majuma mawili kwisha. Mfadhaiko haukomi hivyo. Huzidi, na huweza kuanza hata miezi kadhaa baadaye, wakati ambapo wageni wamekwisha kutawanyika.

Chanzo kimoja kimo mwilini. Wakati wa ujauzito, homoni za estrojeni na projesteroni huongezeka mara nyingi kuliko kawaida. Kondo la nyuma likishatoka, homoni hizo hushuka ghafla katika muda wa siku chache. Kila mzazi hupitia mporomoko huo, ila si kila mzazi huugua. Yaelekea ubongo wa baadhi ya wanawake hutikiswa zaidi na mabadiliko hayo. Maelezo haya si nadharia tupu: dawa ya zuranolone, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023 kutibu ugonjwa huu, huiga kemikali ambayo mwili huitengeneza kutokana na projesteroni.

Kuna pia tezi ya shingoni iitwayo thairoidi. Kwa baadhi ya wanawake hulegea miezi kadhaa baada ya uzazi, mama akawa mchovu na mzito wa mawazo. Upungufu wa damu nao humfanya aishiwe na nguvu. Yote mawili hugunduliwa kwa kupima damu, kwa hivyo ni kosa kumwambia mama ajikaze kabla ya vipimo hivyo kufanywa.

Hata hivyo, homoni pekee hazitoshi kueleza kila kitu. Aliye katika hatari kubwa zaidi ni mwanamke aliyewahi kuugua mfadhaiko, kabla ya mimba au akiwa mja mzito. Kisha huja mambo ya nyumbani: kipigo cha mume, mimba isiyotarajiwa, ufukara, uzazi wa shida, mtoto njiti. Msichana aliyekatiza masomo ili azae, au mama aliyegundua katika kliniki ya wajawazito kwamba ana virusi vya Ukimwi na hajamwambia yeyote, hunyonyesha akiwa na mzigo mwingine moyoni.

Upweke nao una sehemu yake. Katika Pwani, mzazi hutunzwa siku arubaini, akikandwa na kupikiwa. Miongoni mwa Wakikuyu, hupikiwa njahi. Lakini anayeishi katika chumba cha kupanga jijini Nairobi, mbali na mamake, huenda akawa peke yake siku ya tatu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mama likizo ya miezi mitatu na baba majuma mawili, wote kwa malipo. Mama mboga na dobi hawana mwajiri wa kuwapa likizo. Hurejea kazini wakiwa hawajapata usingizi wa usiku mmoja kamili.

Mara chache, mzazi mmoja au wawili kati ya 1,000, akili huvurugika kabisa: mama husikia sauti au kuamini mtoto wake si binadamu. Huyo apelekwe hospitalini siku iyo hiyo. Hata sheria yatambua hatari hii, kwani kifungu cha 210 cha Kanuni ya Adhabu humtenga na muuaji wa kawaida mama aliyemuua mtoto wake wa chini ya miezi 12 akili yake ikiwa imetatizika kwa sababu ya uzazi.

Mfadhaiko hutibika kwa ushauri nasaha na, inapobidi, kwa dawa, zikiwemo ambazo daktari huweza kumpa mama anayenyonyesha. Ili kuutambua, kuna maswali 10 yaliyotungwa Uskoti na kuchapishwa mwaka 1987, ambayo hujibiwa kwa dakika chache. Nafasi ya kuyauliza ipo, kwa sababu mtoto hupelekwa kliniki kuchanjwa akiwa na majuma 6, 10 na 14. Mara nyingi mtoto hupimwa uzani, akadungwa sindano na kijitabu chake kikajazwa, kisha mama akarudi nyumbani bila kuulizwa hali yake.