Bega la Platini na Daftari la Hospitali

Mwaka 1893, jijini Paris, mwoka mikate wa miaka 37 alikataa kukatwa mkono, ingawa kifua kikuu kilikuwa kimelila bega lake. Daktari Jules Émile Péan akampachika bega la bandia: shina la platini na kichwa cha mpira uliokazwa kwa kuchemshwa katika parafini. Fundi wa kifaa hicho, J. Porter Michaels, alikuwa daktari wa meno. Mkono ulirudi kazini, lakini usaha haukukoma, na baada ya miaka kama miwili kifaa kikatolewa.

Miaka ya 1950 Charles Neer wa New York aliwawekea vichwa vya bega vya chuma watu waliovunjika bega vibaya. Shida ilibaki kwa wale ambao kano zao za bega zimekatika, kwani chuma peke yake hakinyanyui mkono. Mwaka 1985, huko Dijon, Paul Grammont akapindua mambo: tufe likaenda upande wa bega, kikombe upande wa mkono, na msuli mkubwa wa nje ukachukua kazi ya kano zilizokufa. Huo ndio ujanja mkubwa kuliko yote katika historia hii.

Leo zaidi ya mabega ya bandia 9 kati ya 10 huwa bado yamo mwilini baada ya miaka 10. Lakini mchukuzi wa bandari ya Kalundu, mjini Uvira, asidhani atarudia magunia yale yale. Madaktari hukataza mizigo mizito.

Takwimu kama hizo hutokana na madaftari ya viungo vya bandia. Sweden ilianza kuandikisha magoti ya bandia mwaka 1975. Malawi ilifungua daftari lake la nyonga na magoti mwaka 2005.

Lakini daftari huhitaji hospitali. Kwenye milima ya Uvira, mashariki mwa Kongo, hospitali ya Lemera, iliyotokana na misheni ya Wasweden, ilivamiwa Oktoba 1996. Wagonjwa waliuawa vitandani, na wauguzi pia. Denis Mukwege, aliyekuwa mkurugenzi wake, alianzisha hospitali ya Panzi mjini Bukavu mwaka 1999. Kumfuatilia mgonjwa mmoja kwa miaka 10 kunahitaji kwanza hospitali inayobaki imesimama muda huo wote.

Kisha yakaja mafuriko ya Aprili 2020, Mto Mulongwe ukabomoa nyumba nyingi mjini Uvira. Kwa hiyo, msomaji uliyewekewa chuma mwilini, uwe ulipasuliwa Bujumbura au ng'ambo, piga picha karatasi yenye jina la kifaa na tarehe ya upasuaji, mwachie nakala ndugu anayeishi mbali na mto. Daktari atakayekufungua tena ataihitaji.