Kutoka Kambi ya Jinja hadi Bweni la Mbale

Ukiwauliza wazee wengi wa mashariki ya Uganda walikisikia Kiswahili wapi kwa mara ya kwanza, watakujibu: kwa askari. Sisi walimu wa lugha hii hatuna budi kulipokea jibu hilo, hata kama halitupendezi.

Jinja ulikuwa mji wa kambi. Hapo ndipo kilipokaa kikosi cha nne cha King's African Rifles, jeshi la mkoloni lililowakusanya vijana wa makabila mengi na kuwaamrisha kwa Kiswahili. Kilikuwa Kiswahili cha 'mimi iko' na 'hapana jua', ngeli zimeachwa nje ya lango. Idi Amin aliingia jeshi hilo mwaka 1946, na mpaka leo Mganda humwita ofisa wa jeshi 'afande'.

Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba askari hakuwa mgeni wa kwanza. Karne ya 19 misafara ya pwani ilipita Mumias kufuata pembe za ndovu kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Luganda nacho kina ekitabo, essaawa na edduuka, maneno ambayo msomaji wetu hahitaji kutafsiriwa. Biashara ilileta maneno. Bunduki ndiyo iliyoyatia doa.

Serikali nayo ilijaribu kwa amri. Mwaka 1927 Gavana Gowers alipendekeza Kiswahili kitumike katika elimu na utawala. Kabaka Daudi Chwa akapinga, na maaskofu wakapinga pia. Mwaka 1973 Amin akakitangaza kuwa lugha ya taifa, baada ya wilaya 12 kukiunga mkono na 8 kuchagua Luganda. Lakini walimu wako wapi? Vitabu je? Tangazo lilibaki tangazo, na matendo ya wanajeshi wa utawala ule yaliwafanya wengi wakichukie zaidi.

Mwaka uliofuata, Februari 1974, Amin huyo huyo alihudhuria mkutano wa nchi za Kiislamu huko Lahore, Pakistan. Iliamuliwa hapo kwamba vianzishwe vyuo vikuu viwili barani Afrika: kimoja Niger, kwa nchi zinazotumia Kifaransa, na kingine Uganda, kwa zile zinazotumia Kiingereza. Amin aliondolewa mwaka 1979 na majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni. Jinja ilitwaliwa mwezi Aprili, na safari hii aliyeshika bunduki alisema Kiswahili sanifu. Chuo Kikuu cha Kiislamu kilifunguliwa Mbale tarehe 10 Februari 1988, kikiwa na wanafunzi 80.

Lugha rasmi za chuo hicho ni Kiingereza na Kiarabu. Kiswahili hakikualikwa, lakini kilikuja na masanduku ya wanafunzi kutoka Kenya na Tanzania. Hapa ndipo tunapoona tofauti kubwa na kambi ya Jinja. Kijana wa Mombasa na mwenzake wa Iganga wanapogawana chumba, hakuna anayemwamrisha mwingine. Kuna sukari ya kuazima, foleni ya maji, ugomvi wa mpira. Aliyezoea kukiogopa Kiswahili anakisikia kikitumika kumkaribisha chai. Kwa maoni yetu, jambo hilo dogo limefanya kazi ambayo gavana na rais hawakuiweza.

Na si wageni tu wanaofundisha. Mwaka unaogawanyika kwa mbili ni mwaka wa imbalu, tohara ya Wamasaba, na msimu wake hufunguliwa Mutoto, nje kidogo ya Mbale. Mwanafunzi wa Unguja anayekwenda kutazama huona ngoma zikipita barabarani, na pengine hushangaa kwamba mwenzake Mbukusu kutoka Bungoma hahitaji mkalimani. Mpaka wa Kenya na Uganda uliwagawa ndugu hao. Lugha zao hazikugawanyika sana.

Mwaka 2005 katiba ya Uganda ilikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Ni amri tena. Ombi letu kwa wanafunzi watakaopelekwa kufundisha Jinja au Mbale ni hili: mtoto akisema 'mimi iko', msimcheke. Muulizeni kwanza babu yake alikuwa wapi. Na siku ya kwanza Mbale, kabla ya 'hamjambo', anzeni na 'mulembe'.