Kufundisha sayansi, hesabu na kompyuta kwa vitu vya mtaani

Programu ya sayansi ya darasa la 7, iliyotolewa Kinshasa mwaka wa 2018, inaomba mwalimu aanzie somo kwenye hali ya maisha ambayo mwanafunzi anaijua, kisha ndipo aingie kwenye kanuni. Lakini masomo mengi hayana laboratwari wala umeme. Mwalimu aanzie wapi?

Sayansi: mazuku

Watu wa Goma wanajua mazuku: hewa mbaya inayokaa fasi za chini, inaua mbuzi na hata watu bila kelele. Wataalamu wa volkano wa inchi zingine nao wanatumia neno hilo hilo la Kiswahili. Ni gazi karboniki, nzito karibu mara moja na nusu kuliko hewa ya kawaida.

Mwalimu anaweza kuionyesha. Aweke bikarbonati na vinegre ndani ya jagi, angoje povu litulie, kisha ainamishe jagi polepole juu ya buji inayowaka ndani ya kopo, bila kumwaga maji. Moto unazimika. Hapo mwanafunzi anaelewa juu ya nini hatakiwi kushuka kwenye shimo kufuata mbuzi aliyeanguka.

Hesabu: likilimba

Mama 10 wanachanga franka 5 000 kila mmoja kwa juma. Anayefikiwa na zamu anapokea 50 000. Yule aliyepokea juma la 3 akikataa kulipa tena, je, wengine wanapoteza ngapi? Majuma 7 yamebaki: ni franka 35 000, na kila mmoja wa wale 7 anapata 45 000 tu. Swali hilo halichoshi, juu wanafunzi wengi wamelisikia nyumbani.

Kompyuta bila kompyuta

Darasa liandike namna ya kupika bugali, hatua kwa hatua. Mwanafunzi mmoja anakuwa mashine: anafanya tu kile kilichoandikwa. Kama hakuna aliyeandika "weka maji", anasonga unga mukavu, na wote wanacheka. Kisha wanasahihisha. Hiyo ndiyo algoritimu: mashine haikisii, inafuata.

Ya kukumbuka

Wanafunzi waseme kwanza wanafikiri nini kitatokea, ndipo jaribio lifanyike. Madirisha yawe wazi. Na mwisho wa somo kanuni iandikwe kwa Kifaransa pia, juu mtihani wa Serikali unafanywa kwa luga hiyo. Mfano wa mtaani unafungua mlango. Kanuni ndiyo mwanafunzi anabaki nayo.