Kutoka Kibaba hadi Kilo: Historia ya Mafunzo ya Vipimo katika Kiswahili

Husemwa mara nyingi na walimu wa hesabu kwamba mtoto hushindwa kugeuza gramu kuwa kilo, au sentimita kuwa mita, kwa sababu vipimo hivyo ni vya kigeni na nyumbani kwao hapana kitu cha kumshikisha maana yake. Kauli hii ina ukweli kidogo na upotofu mwingi. Kugeuza vipimo ni elimu ya zamani katika nyumba za Waswahili. Ilifundishwa jikoni na dukani kabla ya shule za serikali kuwako, nayo ilikuwa na msamiati uliokamilika. Jambo lililobadilika katika karne ya ishirini ni ngazi ya kupandia kutoka kipimo kidogo hadi kikubwa.

Ngazi ya zamani ilikuwa ya kuzidisha kwa mbili. Vibaba 2 vilifanya kisaga, na visaga 2 vilifanya pishi. Vipimo vya urefu vilifuata kawaida hiyo hiyo: shibiri 2 ni mkono, mikono 2 ni wari, wari 2 ni pima. Mtoto aliyetumwa kununua kisaga cha mchele alijua kwamba pishi ni mara mbili ya mzigo wake, wala hakuandikiwa kanuni yoyote. Sehemu pungufu nazo zilikuwa na majina yaliyotoka Uarabuni na kuzoeleka kabisa: nusu, robo, themuni. Kila moja ni nusu ya iliyotangulia. Kwa hiyo lugha na vyombo vilikwenda pamoja, na aliyejua kugawa kwa mbili alijua hesabu yote ya ghala.

Ngazi hiyo, hata hivyo, haikuwa na vidato vilivyo imara. Askofu Edward Steere, katika kitabu chake cha mwaka 1870 kuhusu Kiswahili cha Unguja, alionyesha kwamba palikuwa na mkono wa kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, na mwingine, wa konde, ulioishia kwenye vifundo vya ngumi iliyofumbwa. Kibaba nacho kilikuwa cha mfuto, yaani kilichosawazishwa ukingoni, au cha tele, kilichojazwa hadi kikafanya kichuguu. Mnunuzi wa nguo alipenda muuzaji mwenye mkono mrefu, na haihitaji utafiti kujua muuzaji alipenda nini. Aliyefundishwa nyumbani alifundishwa pia kuuliza swali la kwanza la elimu ya vipimo: kipimo cha nani, na kwa namna gani?

Swali hilo ndilo lililowasumbua Wafaransa walipotunga sheria ya Aprili 1795. Walitaka mita isitoke mkononi mwa mtu yeyote, bali iwe sehemu moja katika milioni 10 za umbali wa kutoka ncha ya dunia hadi ikweta. Watu wao wenyewe hawakuipokea kwa furaha. Mwaka 1812 Napoleon aliruhusu majina ya zamani yarudi juu ya vipimo vilivyorekebishwa, na haikuwa mpaka Januari 1840 ndipo vipimo vipya vilipolazimishwa tena. Basi asidhani mtu kwamba ugumu wa kuhama ngazi ni ila ya Mwafrika.

Wanaoyaita majina ya vipimo vipya kuwa ya kigeni wangefaa kuchunguza asili ya yale wanayoyaita yetu. Ratili ni neno la Kiarabu lililotokana na litra la Kiyunani, na litra hilo hilo ndilo mzizi wa lita. Wakia inatokana na uncia la Kirumi, maana yake moja ya kumi na mbili, ambalo pia ni mama wa aunsi na inchi. Ajabu ni kwamba mfanyabiashara wa Unguja alihesabu wakia 16 katika ratili, akilitumia neno la kumi na mbili bila kujali linasema nini. Neno likishahamia lugha nyingine huacha hesabu yake nyuma.

Hapa ndipo penye kiini cha matatizo ya darasani. Katika Kiyunani, kilo ni elfu. Katika Kiswahili kilo ni jina la uzito, basi. Anayesema "kilo mbili za sukari" hasikii elfu ndani yake, na akikutana na kilomita hana sababu ya kudhani kwamba maneno hayo mawili ni ndugu. Senti nayo ni sarafu. Mwalimu anayetaka mwanafunzi ageuze mita kuwa sentimita hana budi kuyafungua maneno haya kwanza, naye anacho cha kuanzia. Shilingi ya Afrika ya Mashariki iliyoanzishwa mwaka 1921 iligawanywa kwa senti 100, wakati Mwingereza aliendelea kuhesabu peni 12 katika shilingi yake hadi Februari 1971. Mtoto wa Mombasa alitangulia kwa miaka 50 kuzoea mgawanyo wa mia kwa kutumwa dukani tu. Hata neno la moja ya kumi lilikuwako: ushuru linatokana na jina la Kiarabu la sehemu hiyo. Lakini lilikwisha kuchukuliwa na forodha, likawa kodi ya kiasi chochote, na hesabu ikalazimika kuazima desimali.

Kuna kosa jingine ambalo vitabu vya shule hulipita upesi. Pishi ni kipimo cha ujazo. Kilo ni kipimo cha uzito. Hapana nambari moja inayogeuza pishi kuwa kilo, kwa kuwa pishi ya mchele na pishi ya unga hazilingani mizanini. Waislamu wa pwani hulikabili jambo hili kila mwisho wa Ramadhani. Zaka ya fitri ilijulikana kuwa pishi moja ya chakula kwa kila mtu, na leo hutangazwa kwa kilo, mara nyingi 2 na nusu, huku wanavyuoni wengine wakitaja zaidi. Hitilafu hiyo si ya uzembe. Chombo kimoja kikijazwa vyakula mbalimbali hutoa uzito mbalimbali, na yeyote anayetaka mfano wa kufundishia msongamano wa vitu hataupata ulio bora kuliko huu. Aidha, katika masoko mengi ya Kenya mahindi bado hupimwa kwa gorogoro, ambalo ni bati tupu la mafuta ya kupikia: pishi limekufa kwa jina, likafufuka kwa bati.

Kenya, Uganda na Tanzania zilianza kuacha vipimo vya Kiingereza mwishoni mwa miaka ya 1960. Tanzania ilifanya hivyo wakati ule ule ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, hivyo vipimo vipya na maelezo yake viliingia kwa lugha moja. Nchini Kenya hesabu ya madarasa ya juu hufundishwa kwa Kiingereza. Mtoto hupima kwa Kiswahili sokoni na kugeuza kwa Kiingereza darasani, na aghalabu hapati mtu wa kumwonyesha kwamba ni kazi moja. Matokeo yake yanaonekana katika mambo ya watu wazima. Gunia la mahindi limehesabiwa kwa miaka mingi kuwa kilo 90, tarakimu isiyo na sababu katika ngazi ya kumi, kwa kuwa ni ratili 200 za zamani zilizovalishwa nguo mpya na kupunguzwa gramu 700 hivi. Ardhi huuzwa kwa ekari, na hati yake huandikwa kwa hekta. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 hutangazwa kuwa themuni ya ekari, ilhali kina futi za mraba 5,000 na themuni ya kweli ina 5,445. Mnunuzi asiyejua kugeuza hutia sahihi.