SHERIA ZA TAKA NA UDHIA MTAANI: TULIKOTOKA

Katika taarifa ya mwaka huu twapenda kueleza jambo linaloulizwa katika kila mkutano: ni nani mwenye mamlaka juu ya mtu amwagaye taka mtaroni, apigaye kelele usiku kucha, au achomaye mipira mlangoni pa jirani? Jibu la swali hilo limebadilika mara nyingi, wala si kila mara limekuwa jibu la haki.

Kabla ya Serikali, wazee wenyewe ndio waliokuwa sheria. Kule Pwani, wazee wa kaya za Wamijikenda walimtoza faini mtu aliyekata mti katika msitu wa kaya. Alileta kuku au mbuzi, kisha mambo yakapatanishwa. Jela haikuhitajiwa. Mkosaji alijua kwamba atakutana na wale wale waliomhukumu njiani, shambani na msibani.

Mjini mambo yalianza kwa moto. Mwaka 1902 tauni iliingia Nairobi, mji uliofikiwa na reli miaka mitatu tu kabla yake, na wakubwa wakaamuru soko la Wahindi liteketezwe. Maradhi yalirudi tena miaka iliyofuata. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson akaletwa kuchunguza habari za afya, na shauri alilolitoa ni kwamba watu wa rangi mbalimbali watengwe makao yao. Tangu hapo neno uchafu likawa latumiwa juu ya watu wenyewe.

Sheria ya Afya ya Umma ilianza kazi Septemba 1921, nayo ingalipo hadi leo, ingawa imerekebishwa. Utaratibu wake si mgumu. Afisa wa afya akiridhika kwamba pana udhia, kama vile jaa la taka, mtaro ulioziba, nyumba ifugayo panya, au watu waliosongamana chumbani, humpa ilani aliyeusababisha. Asipopatikana, ilani hupewa mkaaji au mwenye nyumba. Muda wa kuondoa udhia hutajwa humo, na ukipita bure, shauri huenda kwa hakimu. Sheria yenyewe haina ubaya, na twasema hivyo bila kusita, kwani mtaro ulioziba hauchagui mtoto wa kumwua. Ubaya ulikuwa katika mikono iliyoishika. Mwafrika wa Nairobi alitembelewa na Bwana Afya, lakini hakuwa na kura katika Baraza la Mji lililomtuma; alilaumiwa kwa choo kilichojaa, hali vyoo vya kutosha havikujengwa. Kijiji cha Pangani, chenye nyumba zilizojengwa na wenyeji wenyewe, kilikuwa kimebomolewa kufikia mwaka 1939, uchafu na msongamano vikitajwa miongoni mwa sababu. Wengi walihamishiwa Shauri Moyo. Mtu aliyelala mwenye nyumba akaamka mpangaji.

Baada ya Uhuru sheria ilibaki, na raia wa kawaida bado hakuwa na mlango wa kuingilia. Mwaka 1989 Wangari Maathai alikwenda Mahakama Kuu kuzuia jengo la ghorofa 60 lisijengwe katika bustani ya Uhuru Park. Shauri lake lilitupwa, kwa kuwa hakuonyesha hasara iliyompata yeye binafsi. Jengo halikujengwa hata hivyo, lakini hukumu ilisimama: bustani ya watu wote haikuwa na mtu wa kuisemea.

Mlango ulifunguliwa na Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, iliyounda NEMA, kisha na Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 42 chatoa haki ya mazingira safi. Cha 70 chamruhusu mtu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe ameumia. Kuzoa taka na kuzuia kelele ni kazi ya kaunti. Kanuni za kelele zilitoka mwaka 2009, na mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku Agosti 2017, kwa faini ya shilingi milioni 2 hadi milioni 4, au kifungo. Kwa maoni yetu faini hiyo ni mzigo usiobebeka kwa mchuuzi wa sukuma wiki. Na hatuwezi kusahau kwamba jaa kubwa kuliko yote mjini, la Dandora, ambalo tangu mwaka 2001 lilisemwa kuwa limejaa, lilifunguliwa na Baraza la Jiji lenyewe.

Wako wanachama wanaotaka wazee wa chama watoze faini kama zamani. Kifungu cha 159 cha Katiba chakubali upatanisho wa kimila, mradi usivunje haki za mtu wala kupingana na sheria. Hivyo wazee waweza kuwaita majirani wawili na kuwasuluhisha kwa ridhaa yao. Kumfungia mtu maji au kumtwalia kuku wake kwa nguvu hawawezi. Anayekataa kuitika huandikiwa barua kwa afisa wa afya wa kaunti, yenye tarehe, mahali na majina ya mashahidi, na nakala yake hubaki katika jalada la chama.